Vichekesho vya Mapenzi na Ukimya wa Kanisa

Katika kikao kimoja cha baraza la wazee hapa Karatu lililetwa pendekezo kwamba vijana wa usharika, hasa wanakwaya, wakatazwe kutazama vichekesho vya mapenzi kwenye simu na televisheni. Mzee aliyelileta alikuwa na sababu yake. Katika Juma la Vijana, vijana wetu walicheza igizo ukumbini: marafiki wanaoishi nyumba moja ya kupanga, huyu anampenda yule, yule anamtazama mwingine, na barua ya mapenzi inaangukia mikononi mwa asiyehusika. Akina mama walicheka mpaka wakafuta machozi. Wazee hawakucheka. Kilipofika kikao, karibu wote waliunga mkono pendekezo. Mimi nililipinga, na kwa kuwa siku ile muda haukutosha kueleza, naeleza hapa, nikijua kwamba mapendekezo ya namna hii yapo katika sharika nyingine pia.

Silipingi kwa sababu vichekesho hivi havina ubaya. Vina ubaya, na nitausema. Nalipinga kwa sababu kanisa ambalo halijawahi kukaa na kijana likamweleza habari za kupenda na kupendwa halina haki ya kumnyang'anya mwalimu pekee aliyenaye, hata kama mwalimu huyo ni mbaya. Tumlete kwanza mwalimu mwema.

Tuanze na kile wanachokitazama, maana wengi tunaokikemea hatujakiona. Mji wetu umekaa kwenye barabara ya kwenda lango la Ngorongoro. Vijana wengi wanatamani kazi ya kuongoza watalii, na kazi hiyo inataka Kiingereza. Kwa hiyo wanatazama vichekesho vya Kimarekani ili masikio yazoee lugha. Kijana mmoja anayesomea uongozaji watalii aliniambia, "Mchungaji, mimi Kiingereza changu nusu nimekipata darasani, nusu kwenye Friends." Nikamwambia anionyeshe. Akaweka simu juu ya meza yangu, tukatazama pamoja sehemu ya kwanza.

Friends ilianza kurushwa Marekani mwezi Septemba 1994 na kumalizika Mei 2004, ikiwa na sehemu 236. Vijana wengi wanaoitazama leo walikuwa hawajazaliwa ilipoanza. Katika sehemu hiyo ya kwanza, msichana aitwaye Rachel anaingia mkahawani akiwa na gauni la harusi. Amemkimbia bwana harusi siku yenyewe, kwa kuwa amegundua hampendi. Rafiki yake Monica anatoka na mwanamume aitwaye Paul. Paul anamsimulia kwa huzuni jinsi mkewe alivyomwacha, na kwamba tangu siku hiyo hajaweza kuwa na mwanamke. Monica anamhurumia, analala naye. Kesho yake kazini anagundua kwamba mwenzake mmoja aliwahi kusimuliwa hadithi ile ile, kwa shabaha ile ile. Ross, kaka yake Monica, ambaye kweli ameachwa na mkewe, anamwomba Rachel kwa aibu kubwa ruhusa ya kumwalika matembezi siku moja. Hayo ndiyo yaliyomo, na watu wanacheka.

Nilipomaliza nilimwuliza yule kijana amejifunza nini. Nilitegemea atasema Kiingereza. Akasema, "Nimejifunza kwamba mwanaume akianza kulia habari za mke wake, dada zangu wakimbie."

Ndugu zangu, ni semina gani ya usharika iliyowahi kumfundisha kijana jambo hilo kwa dakika ishirini na kitu? Hapa kwetu, msimu wa wageni unapofika, mji hujaa wanaume waliotoka mbali na nyumbani, wenye fedha za posho mfukoni. Hadithi ya mke aliyeondoka inasimuliwa kwenye meza za hapa kila jioni. Mabinti wetu wanaofanya kazi hotelini na kwenye kambi za wageni wanaisikia. Sisi tumewaambia zinaa ni dhambi, na ni kweli. Hatujawaambia jinsi mwongo anavyoongea. Hatujawaambia kwamba huruma, ambayo tumewafundisha tangu shule ya Jumapili, ndiyo mlango ambao mwongo huyo huingilia.

Sasa niuseme ubaya. Sehemu ya tatu tu ya mchezo huo, Monica anakuja na mwanamume mwingine. Maumivu ya Paul yamekwisha. Hakuna aliyeugua, hakuna mama aliyemwuliza amelala wapi, hakuna mtu aliyepoteza usingizi kwa wiki nzima. Kichekesho cha namna hii lazima kila mara kirudi kilipoanzia ili watu wacheke tena wiki ijayo, na kwa hiyo gharama ya jambo lililotendeka mara nyingi inaachwa nje ya picha. Kijana wa Karatu akidhani maisha yako hivyo, amedanganywa. Hapa mimba haiishii kwenye tangazo la biashara. Hapa kuna ada ya shule iliyopotea, kuna baba aliyeuza ng'ombe, kuna mtoto anayeuliza kwa nini hana jina la upande wa pili.

Udanganyifu huo haukuanza na Wamarekani. Na hapo ndipo ninapowageukia wazee wenzangu.

Wengi wetu tulioingia miaka ya arobaini tunakumbuka mwaka 1993, Radio Tanzania ilipoanza mchezo wa Twende na Wakati. Ulisikika mara mbili kwa wiki. Mhusika aliyejulikana kuliko wote alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake katika kila kituo anacholaza gari, huku mkewe Tunu akibaki nyumbani na watoto. Ukitafuta maneno ya kumtia mzee wa kanisa haya, ulikuwa umejaa. Lakini baba yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, hakuzima redio. Alikaa kwenye kigoda chake, mama akipepeta maharage, sisi watoto tukiwa sakafuni. Mkwaju akifanya upumbavu, mama aliguna. Baba aliuliza, "Na huyo Tunu atakula nini?" Swali hilo lilikuwa somo langu la kwanza la maadili ya ndoa, nami nilikuwa mvulana wa kama miaka kumi na mitano. Tulimfuata Mkwaju mpaka UKIMWI ulipompata. Mchezo ule haukurudi ulipoanzia. Ulimwacha mtu avune alichopanda, wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka.

Watafiti walioufuatilia waliweza kulinganisha, kwa sababu eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo mpaka mwaka 1995. Waliona kwamba mahali uliposikika watu walizungumza zaidi na wenzi wao, na wapo waliopunguza idadi ya wapenzi. Yaani hadithi ya mwasherati, iliyochezwa kwa vichekesho vingi, iliwasaidia watu kuacha uasherati. Hayo hayakutokana na ujasiri wa mtunzi peke yake. Watu waliisikiliza pamoja, kisha wakaizungumza.

Kwa hiyo tukisema nyakati zimeharibika kwa kuwa hadithi zimekuwa chafu, hatusemi kweli. Mkwaju hakuwa msafi kuliko Paul. Kilichobadilika ni kwamba kijana wa leo anatazama peke yake, na nyuzi masikioni, usiku, chini ya blanketi. Hakuna mtu mzima kando yake wa kuuliza, "Na huyo atakula nini?" Kiti hicho kiko kitupu, na aliyekiacha ni sisi. Tukimnyang'anya simu, kiti kitabaki kitupu vile vile.

Mababu wa Kiiraqw walikuwa na marmo, unyago wa mabinti, ambao ulikoma enzi za wakoloni. Sitetei kila kilichofanyika mle. Nasema tu kwamba walikuwapo wanawake wazima ambao kazi yao ilikuwa kusema na binti kuhusu mwili wake na mume wake. Tuliupokea Ukristo, marmo ikaisha, na mahali pake tuliweka nini? Tuliweka mafundisho ya kipaimara, ambako Amri ya Sita inafundishwa kwa dakika kumi, macho ya mwalimu yakiwa dirishani. Kisha kijana hasikii tena neno mpaka siku ya kutangaza ndoa yake Jumapili tatu mfululizo, au mpaka siku ya kutengwa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kanisa tunaliita mama.

Hili la kutengwa ndilo linalonifanya niandike kwa uchungu, maana mkono wangu umo. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika niliokuwa nautumikia, binti mmoja wa kwaya alipata mimba. Aliitwa mbele ya wazee. Alikuja na mama yake, akakaa kwenye benchi akitazama sakafu. Tulimwuliza maswali ambayo leo nikiyakumbuka naona aibu. Alimtaja kijana aliyehusika. Kijana huyo alikanusha, nasi hatukuhangaika kumwita mara ya pili, kwa sababu, kama alivyosema mmoja wetu, "Ushahidi wa mwanamke unaonekana, wa mwanaume hauonekani." Binti alizuiwa Meza ya Bwana. Nilitangaza mwenyewe kutoka mimbarani. Jumapili hiyo hiyo kijana yule aliimba besi, mstari wa nyuma, wa pili kutoka kushoto.

Mtoto alipozaliwa, nilisema asibatizwe mpaka mama atakaporudi kundini. Ungamo letu la Augsburg, kifungu cha 9, linafundisha kwamba watoto wabatizwe na kwamba kwa ubatizo wanapokelewa katika neema ya Mungu. Mimi niliyesoma hayo chuoni na kuyajibia mtihani nilimwadhibu mtoto mchanga kwa kosa la wazazi wake, tena mzazi mmoja tu. Mama yake hakurudi kundini. Alikwenda kwenye huduma nyingine mjini, wakampokea yeye na mtoto siku moja. Nimekwenda kwake kumwomba msamaha. Alinipa chai, akanisikiliza, akasema, "Asante kwa kuja, Baba Mchungaji." Hakuongeza neno, nami sikustahili kuongezewa.

Wairaqw wa zamani walikuwa na desturi ya metimani: mtu aliyehesabiwa kuwa na unajisi alitengwa na jirani zake, na binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa alikuwa miongoni mwa waliotengwa, asije akaiharibu nchi. Tulipobatizwa tulisema tumeacha mila hizo. Je, tumeziacha, au tumezivika joho? Nchi hii kwa miaka mingi iliwafukuza shule wasichana waliopata mimba. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanaweza kurudi darasani. Shule ya Serikali sasa ina mlango kwa binti huyo. Kanisa linalohubiri kwamba tunahesabiwa haki kwa neema bila matendo halipaswi kuwa na mlango mwembamba kuliko Wizara ya Elimu.

Mnaona sasa kwa nini nasema udanganyifu ule ni wa kwetu pia. Kichekesho kinamwonyesha Paul akiondoka bila kulipa chochote. Kanisa langu lilimwonyesha kijana wa besi akifanya hivyo hivyo, tena ndani ya ibada. Vijana wote kwenye kwaya ile walijua. Ni somo gani walilojifunza, na walijifunza kutoka wapi, Marekani au mimbarani?

Wapo watakaonijibu kwamba tukianza kusema habari za mapenzi na uchumba tutawaamsha waliolala, na kwamba nyumba ya Mungu si mahali pa maneno hayo. Jibu langu ni Biblia yenyewe. Katika Mwanzo 24, kabla Rebeka hajachukuliwa kwenda kwa Isaka, ndugu zake wanamwita na kumwuliza kama anakubali. Katika Mwanzo 29, Yakobo anampenda Raheli, anatumika miaka saba, na asubuhi ya harusi anagundua ameozwa dada mtu. Hakuna mtunzi wa vichekesho aliyebuni fumanizi kubwa kuliko hilo. Ruthu anamwendea Boazi usiku kwenye kiwanja cha kupuria, na aliyemwelekeza afanye nini ni mkwewe Naomi, mwanamke mzima aliyejua dunia.

Kisha kuna sura ambayo hatuihubiri, 2 Samweli 13. Amnoni anamtamani Tamari, dada yake kwa baba, mpaka anakonda. Ana rafiki, Yonadabu, mtu mwerevu sana. Rafiki huyo ndiye anayempa mbinu: ujifanye mgonjwa, aje akupikie. Hata Amnoni alimtumia Tamari huruma, kama Paul. Baada ya ubaya kutendeka, ndugu yake Absalomu anamwambia Tamari anyamaze. Na Daudi, baba, mfalme, mtu wa Mungu, anapata habari zote. Maandiko yanasema alikasirika sana. Basi. Hakumwita Amnoni, hakumfariji Tamari. Hasira ya mzee isiyofuatwa na kitu chochote iligharimu nyumba ile damu, kwa maana Absalomu alingoja miaka miwili, akamwua Amnoni.

Nikiangalia pendekezo la baraza letu, naona hasira ya Daudi. Tumekasirika sana. Lakini katika jambo la kijana na moyo wake, Biblia inatuonyesha watu wa namna tatu: rafiki anayeshauri vibaya, mzee anayekasirika na kukaa, na Naomi anayekaa na binti na kumwambia la kufanya. Marafiki hawatakosekana kamwe. Wazee tuchague kuwa nani.

Na tusijifanye kwamba sisi watu wa kanisa tulioana kwa kushushiwa wenzi kutoka mbinguni. Mficha uchi hazai. Sisi Walutheri tumebeba jina la mtu ambaye ndoa yake ilianza kama kichekesho. Wakati wa Pasaka mwaka 1523 watawa wa kike walitoroka kutoka Nimbschen kwa msaada wa Leonhard Koppe, mfanyabiashara wa Torgau aliyekuwa akiuza samaki kwa watawa hao. Luther akajikuta na mzigo wa kuwatafutia waume. Mmoja wao, Katharina von Bora, alipendana na Hieronymus Baumgartner, kijana wa Nuremberg. Familia ya kijana ikakataa, akaenda kwao asirudi. Luther akamletea Katharina mwanamume mwingine, Kaspar Glatz. Katharina akamkataa, akamwambia Nikolaus von Amsdorf kwamba yuko tayari kuolewa na yeye Amsdorf au na Luther mwenyewe. Tarehe 13 Juni 1525 akaolewa na Luther, bwana harusi akiwa na miaka 41, bibi harusi 26. Melanchthon, rafiki mkubwa wa Luther, hakualikwa, akaandika barua ya kunung'unika.

Humo kuna mapenzi yaliyovunjika, posa iliyokataliwa, mwanamke aliyesema wazi anachotaka, na rafiki aliyenuna. Mungu aliitumia nyumba ile, watoto sita wakazaliwa. Je, tumewasimulia vijana wetu habari hizi? Tunawapa Luther wa misumari na mlango wa kanisa, tunamficha Luther aliyeshindwa kumtafutia binti mume. Binti aliyeachwa na mchumba wiki iliyopita angemhitaji Katharina kuliko anavyozihitaji hoja 95.

Kwa hiyo nimeliambia baraza, na nawaambia wasomaji, tufanye mambo matatu kabla ya kukataza lolote. La kwanza, Amri ya Sita ifundishwe kama Luther alivyoieleza katika Katekisimo Ndogo, ambamo hakuishia kwenye katazo bali alitaja pia upendo na heshima kati ya mume na mke. Ifundishwe na baba na mama waliooana, wakiwa wawili mbele ya darasa, kwa majuma kadhaa. La pili, pasiitwe binti mbele ya wazee bila kijana kuitwa, na mtoto yeyote asicheleweshewe ubatizo kwa ajili ya adhabu ya mzazi. Kama hatuna nguvu ya kumwita kijana, tusiwe na nguvu ya kumwita binti. La tatu, mara moja kwa mwezi wazee wakae na vijana ukumbini, watazame pamoja kimoja kati ya vichekesho hivyo, kisha wazungumze. Atakayeona aibu aone aibu pamoja na wenzake.

Baraza halijaamua. Pendekezo limeahirishwa mpaka kikao kijacho. Wakati huo huo nimemwendea yule mzee aliyelileta. Ni mtu mwema, ameishi na mkewe zaidi ya miaka arobaini. Nimemwomba, kwa heshima zote za mtoto kwa baba, aje Jumamosi moja awaeleze vijana jinsi alivyompata mama: alimwona wapi, alimtuma nani, alikataliwa mara ngapi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mara mbili." Vijana wa usharika hawajui hilo. Namngoja aje kuwaambia.